Albamu ya My Bloody Valentine ya miaka ya Island: ipo, haipo, au tumeshaisikia bila kujua?

#1 Kanda_ya_Chrome
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linaninyima usingizi wiki nzima. Wafuasi wa shugezi, ule muziki wa gitaa za mawimbi ulioitwa hivyo kwa sababu wapigaji walikuwa wameinamia miguuni kama wanaotazama viatu, wanaijua vizuri My Bloody Valentine ya Dublin. Albamu yao Loveless ilitoka Novemba 1991. Iliyofuata, m b v, ikatoka tarehe 2 Februari 2013. Katikati ni miaka 21 na ushee. Oktoba 1992 walisaini na lebo ya Island, wakajenga studio yao wenyewe Streatham, kusini mwa London, wakajifungia ndani. Baada ya hapo, kimya.

Walirekodi nini mle ndani? Inasemekana mwaka 1999 Kevin Shields, kiongozi na mpiga gitaa wa bendi, aliwapelekea Island saa 60 za muziki. Loveless nzima haifiki dakika 50! Hata ukitupa tisa katika kila kumi, zinabaki saa sita, yaani albamu saba kama Loveless. Ziko wapi?

Dai langu ni hili: albamu ile ilikuwepo, ilikaribia kukamilika, na vipande vyake tumekuwa tukivisikia miaka yote bila kuambiwa. Walionitangulia kwa masikio wanisahihishe.

#2 Fundi_Redio
Nimeweka kambi. Huu uzi ulitakiwa uwepo siku nyingi.

#3 Mgeni_Mpole
Samahani wakuu, mimi mgeni. Loveless nimeisikiliza mara moja, nikadhani spika ya simu imekufa. Hizo nyimbo zao adimu mtu anaanzia wapi?

#4 BintiChumbageni
@Mgeni_Mpole karibu. Simu yako ni nzima, muziki ndivyo ulivyo. Tafuta visikilizi vya kufunika masikio, halafu rudia.

Nyimbo adimu anza na EP's 1988–1991, mkusanyiko wa EP zao (rekodi fupi za nyimbo chache) uliotoka Mei 2012. Mwishoni mwa diski ya pili kuna saba zilizokuwa taabu kuzipata: "Instrumental No. 2", "Instrumental No. 1", "Glider" ile ndefu ya dakika kama kumi, "Sugar", na tatu ambazo hazikuwahi kutoka kabisa, "Angel", "Good for You" na "How Do You Do It". Hizo Instrumental mbili zilikuwa kwenye santuri ndogo ya inchi 7 iliyotolewa bure na nakala 5,000 za mwanzo za albamu yao Isn't Anything, 1988. "Sugar" ilitoka 1989 kwenye santuri laini ya plastiki iliyogawiwa pamoja na jarida.

Kwa mleta uzi sasa. Angalia jina la mkusanyiko kaka. Unaishia 1991. Nyimbo zote saba ni za enzi za lebo ya Creation, hakuna hata moja ya Island. Yaani walipofungua kabati, walifungua mlango wa kushoto tu.

#5 Kibodi_Kavu
Hiyo "Instrumental No. 2" nimeisikiliza sasa hivi. Wameiba biti ya Madonna, ile ya "Justify My Love". Mnasifia wezi.

#6 Mzee_wa_Santuri
Kijana, tazama miaka kabla hujamwita mtu mwizi. Santuri ile ni ya 1988. "Justify My Love" ni ya 1990. Wote wawili wamechota kisima kimoja, "Security of the First World" ya kundi la hip hop Public Enemy, iliyotoka hiyo hiyo 1988. My Bloody Valentine walifika kisimani miaka miwili kabla.

Ukiusikiliza tena, acha ngoma, fuata gitaa lililo nyuma yake. Linapanda na kushuka kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Miaka ile hakuna bendi ya gitaa Uingereza iliyokuwa ikiweka kitu kama kile juu ya ngoma za hip hop. Mimi huuona wimbo ule kuwa ni mlango wa Loveless, na waliugawa bure.

#7 Kibodi_Kavu
Shikamoo mzee, nimekubali. Ila albamu ya Island kutokuwepo halina fumbo. Loveless ilikula pauni 250,000 ikaifilisi Creation. Island nao wakaona wanaliwa, wakafunga mfuko. Basi.

#8 Ughaibuni_SE16
Marahaba kwa niaba ya mzee 😀

@Kibodi_Kavu hapo umechanganya mafaili mawili. Pauni 250,000 ni tarakimu moja inayotembea kwenye hadithi mbili. Ya kwanza ni gharama za Loveless, na Shields ameikana mara nyingi, akasema fedha iliyotumika ilikuwa ndogo kuliko hiyo na sehemu kubwa ilikuwa ya kula na kuishi kwa muda wote ule. Ya pili ni fedha ambayo inaripotiwa Island walitoa kuwasaini. Watu wanazibandika pamoja.

Na Creation haikufa. Mwaka 1992 Sony walinunua karibu nusu yake, 1993 wakaipata bendi ya Oasis, mengine unayajua. Ila ni kweli Alan McGee, mwenye Creation, aliachana nao mara baada ya Loveless. Rekodi ile ilichukua kuanzia Februari 1989 hadi Septemba 1991 na ilipita studio 19. Mtu yeyote angechoka.

Kuhusu Island upo karibu na ukweli: fedha ilikatwa 1997. Lakini kukatwa fedha hakuelezi miaka mitano ya kabla ya hapo.

#9 Mzee_wa_Santuri
Marahaba yangu naipokea mwenyewe.

#10 Gitaa_la_Nyali
Salaam kutoka Mombasa. Mimi napiga gitaa, nitaongea kwa upande huo.

Watu hudhani Loveless ni gitaa mia zilizopangwa juu ya nyingine. Sivyo, na Shields mwenyewe amelieleza hilo. Mara nyingi ni gitaa moja au mawili. Anakamata kile kijiti cha kutikisa nyuzi kilichopo kwenye gitaa lake aina ya Jazzmaster, hakiachii, na huku anacharaza kwa mkono uleule. Sauti inayumba juu na chini ya noti kila pigo, haisimami mahali. Halafu kuna efekti inayotoa mwangwi kinyumenyume, mwangwi unatangulia na sauti inafuata. Nilijaribu miaka miwili ndipo mkono ukakubali, na kidole gumba changu kina sugu hadi leo.

Kwa nini nasema haya? Kwa sababu kwenye bendi hii maneno na sauti za kuimba huja mwisho kabisa. Ala kwanza, kwa miezi, kisha kuimba. Bilinda Butcher, mwimbaji mwenzake Shields, ameeleza kwamba mara nyingi waliimba saa moja na nusu asubuhi, yeye ameshasinzia, akaamshwa aje aimbe. Ndiyo maana sauti yake ina ule uzito wa usingizi.

Basi hizo saa 60 zikiwa za kweli, mimi nadhani ni gitaa na ngoma tupu. Mawazo. Mtu akicharaza mzunguko mmoja nusu saa akitafuta pale utakapofunguka. Hiyo ni mikanda ndugu yangu, haijawa albamu.

#11 Kanda_ya_Chrome
@Gitaa_la_Nyali umenishtua kidogo, nashukuru. Ila Butcher huyohuyo aliwahi kuulizwa, akasema huenda mle mna vya kutosha albamu mbili. Na Shields alikiri kwamba albamu nzima, angalau moja, iliachwa ikiwa nusu njia kwa sababu ilikuwa imekufa, haina roho. Mtu hawezi kusema albamu imekufa kama haikuwahi kuwa albamu.

#12 Fundi_Redio
Nipige hesabu kidogo, kazi yangu ni vyombo vya sauti.

Mkanda mpana wa inchi 2 wa studio, ukienda kasi ya inchi 15 kwa sekunde, unaisha kwa dakika 33 hivi. Saa 60 ni kama roli 109. Ukienda inchi 30 kwa sekunde, zinakuwa zaidi ya 200. Roli moja ni nzito kama mtoto mchanga aliyeshiba. Hapo unahitaji gari na watu wa kubeba, na Island wangehitaji chumba kizima.

Lakini miaka ile miksi nyingi zilisafirishwa kwa DAT, vile vikaseti vidogo vinavyokaa kiganjani. Kimoja cha saa mbili. Saa 60 ni vikaseti 30, na hivyo vinaenea kwenye boksi la viatu.

Kwa hiyo mimi siulizi tena kama saa 60 zinawezekana. Zinawezekana. Nauliza ni za nini. Zikiwa roli, ni kazi iliyorekodiwa kwa mpango. Zikiwa DAT, huenda studio iliachwa inanasa tu usiku kucha.

#13 Mgeni_Mpole
Nimesikiliza "Instrumental No. 2" mara nne. Mzee, ile pumzi nimeisikia.

#14 Mzee_wa_Santuri
Hongera mwanangu. Sasa huwezi kurudi nyuma.

#15 Ughaibuni_SE16
Nitoe kisa changu. Juni 2008 walirudi jukwaani, nikapata tiketi ya Roundhouse, Camden. Mlangoni tuligawiwa vizibo vya masikio, nikaviweka mfukoni kwa ubishi wa ujana. Wimbo wa mwisho ulikuwa "You Made Me Realise". Katikati yake wanasimama kwenye kelele moja, hawabadilishi, dakika zaidi ya kumi na tano. Dakika ya tatu nilivivaa. Kola ya shati ilikuwa inatetemeka shingoni, na jirani yangu, mama wa makamo, alikuwa amefumba macho machozi yanamtoka. Baada ya muda unaanza kusikia nyimbo ndani ya kelele, nyimbo ambazo hazipigwi na mtu. Kila mmoja na wake.

Usiku ule nilikwenda kwa ajili ya kitu kimoja tu, kusikia hata wimbo mmoja wa miaka ya Island. Haukuja. Zote zilikuwa za kabla ya 1992. Nikatoka nikiamini kwamba hakuna kitu, maana mtu mwenye saa 60 kabatini angetoa hata dakika nne.

#16 Kanda_ya_Chrome
Lakini mkuu, miaka minne na nusu baadaye akatoa.

Tarehe 27 Januari 2013 pale Electric Brixton walipiga wimbo mpya ulioandikwa "Rough Song" kwenye orodha yao, na Shields akamwambia mtu mmoja ukumbini kwamba albamu huenda ikatoka baada ya siku mbili tatu. Hakuna aliyeamini. Tarehe 2 ikatoka kweli, kwenye tovuti yao wenyewe, bila lebo, na "Rough Song" ndiyo ikawa "new you". Kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 3. Tovuti ilizidiwa na watu ikagoma. Nilikaa na modemu ya kuchomeka, nabonyeza, inagoma, nabonyeza. Niliipata mchana, watu wametoka kanisani.

Na hapa ndipo dai langu linaposimama. Shields ameeleza kwamba sehemu ya m b v ilianzia kazi ya 1996 na 1997, akairudia 2006, akaimalizia 2011 na 2012. Sikiliza "wonder 2". Sikiliza "nothing is". Ngoma zile ni za London ya miaka ya tisini, ni jungle, ule muziki wa dansi wa ngoma za kasi, ambao Shields alikuwa ameuzama enzi zilezile za Streatham. Hakuna mtu wa 2012 angeanza wimbo upya kwa ngoma zile. Ile ni kumbukumbu imehifadhiwa kwenye barafu.

#17 BintiChumbageni
Hapa nakuunga mkono nusu. m b v ina nyimbo tisa tu. Tuseme hata tano ni za Streatham. Hiyo haifiki nusu saa. Zile saa 59 nyingine ziko wapi?

Pia tusisahau kwamba miaka hiyo haikuwa kimya kabisa. Mwaka 1993 walitoa "We Have All the Time in the World", ule wa Louis Armstrong, kwa ajili ya mkusanyiko wa hisani wa Peace Together kusaidia vijana wa Ireland ya Kaskazini. Mwaka 1996 wakatoa "Map Ref. 41°N 93°W" kwenye mkusanyiko wa kuienzi bendi ya Wire. Hizo mbili ndizo sauti pekee za My Bloody Valentine zilizotoka miaka ya Island, na zote mbili ni nyimbo za watu wengine! Mimi hili huniumiza kila nikilifikiria. Mtu ana nyumba imejaa muziki wake, akitoka nje anaimba wa jirani.

#18 Mwana_wa_Darajani
Assalaam alaykum. Mie n'natoka nje kidogo ya mada, mnisamehe.

Kwenye EP yao ya Tremolo ya 1991 mna wimbo "Swallow". Umejengwa juu ya kipande kilichotolewa kwenye kaseti ya muziki wa kucheza tumbo wa Uturuki. Mara ya kwanza kuusikia n'likuwa nyumbani Unguja, mama yuko jikoni, akaniuliza: taarab gani hiyo mbona waimbaji wako mbali? Hakujua kama ni Wairishi. Masikio yaliyolelewa na Nadi Ikhwan Safaa yashazowea nyuzi nyingi kwenda pamoja na sauti ya mtu kuwa ndani yake, si juu yake.

Na Tremolo yenyewe ni adimu kwa namna yake. Baina ya nyimbo nne zilizoandikwa mna vipande vyengine visivyoandikwa jina popote. Watu wanatafuta nyimbo zilizopotea London, na nyengine zimo ndani ya CD waliyonayo kabatini.

#19 Kibodi_Kavu
Hii ya vipande visivyo na jina sikuijua. Kaka Mwana_wa_Darajani umemaliza. Naenda kuisikiliza.

#20 Fundi_Redio
Mama yako ana masikio. Mpe salamu.

#21 Gitaa_la_Nyali
Nirudi kwa @Kanda_ya_Chrome. Nadharia ya tatu ambayo hujaigusa: muziki ule uliishia kwa watu wengine. Tazama alichofanya Shields mara baada ya fedha ya Island kukatika. Mwaka 1997 aliifanyia bendi ya Yo La Tengo remiksi ya "Autumn Sweater". 1998 akaifanyia bendi ya Mogwai remiksi ya "Mogwai Fear Satan", dakika 16, na humo ndani mna dhoruba isiyokuwepo kwenye wimbo wa asili. Mwaka huohuo akawafanyia Primal Scream "If They Move, Kill 'Em", kisha akaingia bendini kwao akawa anapiga nao. 2003 zikaja nne kwenye filamu ya Lost in Translation: "City Girl", "Goodbye", "Ikebana" na "Are You Awake?".

Mtu aliyekwama hafanyi kazi hivyo. Alikwama kwenye jina la bendi yake tu. Akipewa wimbo wa mwenzake, mikono inafunguka. Naijua hali hiyo, nimeiona kwangu na kwa wenzangu wengi: wimbo wako mwenyewe unaugeuza mwaka mzima, wa rafiki unaumaliza kwa usiku mmoja.

#22 Ughaibuni_SE16
@Gitaa_la_Nyali hoja nzuri, ila ongeza na hili: bendi yenyewe ilikuwa imevunjika. Debbie Googe na Colm Ó Cíosóig waliondoka 1995. Besi na ngoma zimeondoka. Hata kwenye Loveless hali ilikuwa tayari si ya kawaida: Colm aliugua, ngoma nyingi zikajengwa kwa vipande vya upigaji wake, akapiga moja kwa moja kwenye nyimbo mbili tu. Besi alipiga Shields. Kwa hiyo baada ya 1995 pale Streatham wamebaki Shields na Bilinda na miksa iliyokuwa ikiwasumbua tangu ilipofungwa. Miaka miwili baadaye Bilinda naye akaondoka.

Upweke pia unaua albamu.

#23 Kanda_ya_Chrome
Naomba niweke kisa kilichonifanya nianzishe uzi huu, maana bado kinaniuma.

Mwaka 2006, kwenye kibanda cha intaneti mjini, nilikuta faili limeandikwa kwamba ni albamu iliyopotea ya Island. Megabaiti 74. Nililipa saa nne, nikaongeza saa mbili, umeme ukakatika likiwa asilimia 80, nikarudi kesho yake nikaanza upya. Nikalichoma kwenye CD. Nyumbani nikazima taa, nikavaa visikilizi.

Nyimbo nane. Ya kwanza gitaa tupu, sikuitambua, moyo ukaruka. Ya pili ilikuwa demo ya Slowdive, bendi nyingine ya shugezi, sauti ya mwimbaji wao Rachel Goswell haifichiki. Ya nne ilinishika zaidi: vinanda kama vya okestra vinazama taratibu, dakika tatu nzima, vizuri mno. Nilimwambia kila mtu kuhusu wimbo ule. Miaka miwili niliamini. Siku moja nikauingiza kwenye programu ya kuhariri sauti, nikauongeza kasi mara tatu hivi. Ikatokea "Touched", kile kipande cha Colm cha sekunde 56 kwenye Loveless.

Nilikaa pale nikitazama kioo. Aliyetengeneza lile faili alinidanganya, lakini wimbo nilioupenda miaka miwili ulikuwa wao kweli.

#24 Mzee_wa_Santuri
Pole sana mwanangu. Na mimi nililipa fedha nzuri kwa muuzaji mmoja wa santuri kwa barua, sitamtaja, kwa ile ya inchi 7 ya 1988. Ikaja bahasha na santuri ya bendi nyingine kabisa, na karatasi ya juu iliyotolewa fotokopi. Bado ninayo. Siichezi, lakini siitupi.

Hata hivyo ile ya kwanza katika faili lako, gitaa tupu usiyoitambua, uliwahi kujua ni nini?

#25 Kanda_ya_Chrome
Hapana mzee. Hadi leo.

#26 Fundi_Redio
Weka hapa tuisikie!!

#27 Kanda_ya_Chrome
CD ilipata ukungu, ile fedha yake imebanduka kama ganda. Kompyuta haiisomi. Nitajaribu kwenye mashine ya zamani ya mjomba.

#28 BintiChumbageni
Umetaja Slowdive, nami ndiyo bendi yangu, kwa hiyo nitanena.

Watu wa Reading hawa walipewa kisu kuliko wote. Baada ya albamu ya kwanza ya 1991 walirekodi nyimbo zipatazo 40 kwa ajili ya ya pili, na McGee akazikataa zote, akawaambia ni uchafu. Zote arobaini. Wakaanza upya na ndipo ikaja Souvlaki ya 1993. Wakamwomba Brian Eno awe prodyuza, akakataa kuwa prodyuza lakini akakaa nao studio siku chache, na alama yake ipo kwenye "Sing" na "Here She Comes". Februari 1995 wakatoa Pygmalion, na wiki moja baadaye lebo ikawaacha.

Tofauti na My Bloody Valentine ni hii: zile zilizokataliwa zilivuja. Zimezunguka mikononi mwa mashabiki miaka na miaka, na toleo la 2010 la Pygmalion liliongezewa diski ya demo kihalali. Nilizisikiliza zote. Nyingine zinaonyesha wazi kwa nini ziliachwa. Chache ni nzuri kiasi cha kukukalisha kitako. Hazikuishusha Slowdive hata kidogo. Watu waliingoja bendi kwa sababu ya vipande vile, na waliporudi 2014 walikuta umati mkubwa kuliko ule wa ujana wao.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kabati lisifunguliwe.

#29 Mwana_wa_Darajani
Dada, mie nipo upande huo mwengine, kwa heshima. Fundi wa nyumba ana haki ya kubomoa ukuta alouona umepinda kabla mtu hajahamia. Shields kasema ile ilikuwa imekufa. Hao wa Slowdive walikataliwa na bosi, hawakuikataa wenyewe. Ni mambo mawili tofauti hayo.

#30 BintiChumbageni
Hapo umenibana. Nakubali tofauti ipo. Ila huyohuyo fundi alirudi miaka kumi baadaye akazichukua nyimbo za 1996, akazikamilisha, na tukazipenda. Kwa hiyo zilikuwa zimelala tu, hazikuwa zimekufa.

#31 Mzee_wa_Santuri
Mnanikumbusha Radio Tanzania. Bendi zetu zilikuwa zinaingia studio ya RTD zinarekodi kwenye mikanda, wimbo unapigwa redioni nchi nzima inaujua, na santuri yake haikuwahi kufyatuliwa. Mpaka leo kuna nyimbo ninazoweza kukuimbia mstari kwa mstari na siwezi kukuonyesha nakala hata moja. Kwetu nyimbo zimo vichwani na nakala hazionekani. Kwa hawa Wairishi nakala ipo mahali, na hakuna kichwa hata kimoja kilichowahi kuusikia wimbo.

#32 Kibodi_Kavu
Mzee hiyo ianzishie uzi wake, nitakuwa wa kwanza.

Nimerudi kutoka kwenye Tremolo. Kile kipande kinachofuata baada ya "To Here Knows When", kabla ya "Swallow", nimekirudia mara sita. Nafuta kauli yangu ya #5 yote. Na nina nadharia yangu: labda albamu ya Island ni vipande vya namna hiyo tu. Vitu vya dakika moja, visivyo na jina, saa 60. Mtu aliyeweza kutengeneza kile kipande angeweza kutengeneza vingine elfu na asijue vikae wapi.

#33 Gitaa_la_Nyali
Hiyo nadharia naipenda kuliko yangu.

#34 Ughaibuni_SE16
Mimi bado nasema tusubiri. Machi 2021 walisaini na Domino, katalogi yao ikarudi mtandaoni, na Shields akasema kuna albamu mbili mpya njiani. Kama kuna chochote cha Streatham kilichobaki hai, kitapitia humo. Na tukikisikia hatutaambiwa kina umri gani, tutakigundua kwa ngoma, kama alivyosema mleta uzi.

#35 Mgeni_Mpole
Swali dogo wakuu. Kama "Touched" iliyopunguzwa kasi ilikuwa nzuri vile, kuna aliyejaribu kupunguza nyingine?

#36 Fundi_Redio
Nimejaribu sasa hivi na "Glider" ile ndefu, nusu kasi, inakuwa dakika ishirini. Kuna sauti chini kabisa, upande wa kushoto, inaingia baada ya dakika ya saba na kutoka. Kwa kasi ya kawaida haisikiki. Naomba mwingine ajaribu anithibitishie, maana spika zangu zina mtetemo.

#37 Mzee_wa_Santuri
Nawasha mashine.

#38 Kanda_ya_Chrome
Nimefika kwa mjomba. Mashine inawaka, CD inazunguka, imesoma wimbo wa kwanza na wa pili tu. Nanakili huo wa kwanza. Imefika asilimia 31.